Bibi Asma binti Abubakar, Mama wa Watoto Wanane

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, si siku nyingi zilizopita tulialikwa khitma ya mama mmoja wa mtaa wetu. Mama huyo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaa watoto tisa, na mumewe alipofariki mdogo wao alikuwa bado ananyonya. Akawalea wote kwa mikono yake, na sita katika hao tuliwasomesha sisi wenyewe chuoni. Khitma ilipokwisha, mwanawe mkubwa alituomba tuseme maneno machache juu ya marehemu. Tukamvuta kando tukamwuliza mambo mawili matatu, ili tusije tukasema tusilolijua. Mama yenu alizaliwa mji gani? Akasema hana yakini. Alisoma Qurani kwa nani? Hajui. Alikuwa akiondoka kitandani saa ngapi kuyakaanga yale maandazi aliyoyauza mpaka ninyi mkavaa na mkasoma? Yule bwana, naye ni mtu mzima mwenye mvi, akainamisha kichwa akatujibu: "Mwalimu, sisi tulikuwa tukiamka tunakuta maandazi yamekwisha kuiva."

Jibu hilo halijatutoka moyoni. Wala hatulisimulii kwa kumlaumu yule bwana, kwa sababu tuliporudi nyumbani tulijiuliza maswali kama hayo juu ya mama yetu sisi, aliyetuzaa ndugu saba, na mengi hatukuweza kuyajibu. Tulilolikumbuka ni kwamba alikuwa akirudi kisimani na ndoo kichwani, nasi tumekaa barazani twacheza bao, wala hapana katika sisi aliyeinuka kumtua.

Basi usiku ule tulifungua vitabu vya Hadithi na vya Sira, tukazirudia habari za mama mmoja ambaye watoto wake waliyajua maisha yake, wakayasimulia kwa wana wao, na hao wakawasimulia wengine, hata yakatufikia sisi baada ya miaka elfu moja na mia kadha. Mama huyo ni Bibi Asma binti Abubakar Siddiq, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Twapenda kuyaeleza hapa maisha yake, kisha tutazame yatufaayo majumbani mwetu.

NYUMBA ALIYOLELEWA

Bibi Asma alizaliwa Makka, kiasi cha miaka 27 kabla ya Hijra. Baba yake ni Seyyidna Abubakar, tajiri wa biashara aliyeheshimiwa na Makureshi wote, na mama yake ni Qutaila binti Abdul-Uzza. Bibi Aisha, mke wa Mtume, ni ndugu yake kwa baba, na Bibi Asma alimzidi umri kwa karibu miaka kumi.

Seyyidna Abubakar alipoukubali Uislamu, binti yake huyu hakukawia. Wenye kuandika Sira wanamhesabu katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu, wakati Waislamu wote wa Makka wangaliweza kukaa katika chumba kimoja. Lakini mama yake hakusilimu, na Seyyidna Abubakar alikuwa amekwisha kumwacha tangu zamani. Kwa hiyo Bibi Asma aliijua mapema taabu ya mtoto ambaye wazazi wake hawako pamoja, tena hawako katika dini moja. Yafaa watoto wetu walio katika hali kama hiyo walijue jambo hili. Hali ya nyumbani haikumzuia kuwa alivyokuwa.

MSHIPI WAKE, NA MAWE ALIYOYAFUNIKA

Katika mwaka wa 622 Mtume (s.a.w.) aliruhusiwa kuhama kwenda Madina, akafuatana na Seyyidna Abubakar. Chakula cha safari kilitayarishwa katika nyumba ya Seyyidna Abubakar. Kilipokuwa tayari hapakupatikana kamba ya kuufungia mkoba wa chakula wala kiriba cha maji. Bibi Asma akauvua mshipi wake wa nguo aliojifunga kiunoni, akaupasua vipande viwili, akafungia. Kwa ajili hiyo akaitwa Dhatu Nitaqain, maana yake mwenye mishipi miwili, na jina hilo halikumtoka mpaka leo.

Habari hiyo ni mashuhuri, na watoto wetu wengi wanaijua. Lakini iko nyingine isiyosimuliwa sana, nasi twaipenda zaidi kwa kuwa ni ya mambo ya nyumbani. Seyyidna Abubakar alipoondoka alichukua fedha zake zote, nazo yasemekana zilikuwa dirham elfu tano au elfu sita, ili zimfae Mtume njiani. Nyumbani hakubakisha kitu. Baba yake mzee, Abu Quhafa, ambaye alikuwa kipofu na wakati ule hajasilimu, akaja kuwatazama wajukuu zake, naye amejaa wasiwasi. Akasema anaona Abubakar amewatia msiba mara mbili, kwa kuondoka mwenyewe na kwa kuondoka na mali. Bibi Asma akamwambia kuwa sivyo, amewaachia kheri nyingi. Akakusanya mawe, akayatia katika shubaka la ukutani ambamo baba yake alizoea kuweka fedha, akayafunika kwa nguo, kisha akaushika mkono wa mzee akauweka juu yake. Mzee akapapasa, akatulia, akasema kama amewaachia hayo basi amefanya vizuri.

Bibi Asma mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakuna kitu chochote walichoachiwa, ila alitaka kuutuliza moyo wa yule mzee. Basi tazama, msomaji! Nyumba haina hata dirham moja, maadui wako mlangoni, naye ana mimba. Lakini analolifikiria ni mzee asilale na hofu. Akina mama wangapi katika mitaa yetu wamepika maji matupu jikoni ili watoto wasikie chungu kikichemka, wapate usingizi? Mawe ya Bibi Asma na chungu hicho ni jambo moja.

Na maadui walikuja kweli. Abu Jahl na wenziwe walibisha hodi wakamwuliza baba yake yuko wapi. Akajibu kuwa hajui. Abu Jahl akampiga kofi hata kipuli chake kikaanguka. Lakini siri haikumtoka.

KOKWA ZA TENDE

Mumewe alikuwa Bwana Zubeir bin Awwam, mtoto wa Bibi Safia, shangazi yake Mtume, na ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwa shujaa asiye na kifani, lakini alikuwa maskini. Binti wa tajiri alitoka katika nyumba ya neema akaingia katika nyumba ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, haikuwa na mali wala mtumishi wala kitu chochote ila farasi mmoja na ngamia wa kuchotea maji.

Alipohamia Madina mimba yake ilikuwa imetimia. Akashukia Quba, na huko akajifungua mtoto mwanamume. Akamchukua mpaka kwa Mtume (s.a.w.), akamweka mapajani pake. Mtume akaitafuna tende, akamtia mtoto kinywani, akamwombea baraka, na akaitwa Abdalla. Huyu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa katika Wahajiri walipofika Madina, na Waislamu walifurahi mno, kwa sababu yalikuwa yameenea maneno kwamba wamerogwa wasipate kizazi.

Baada ya furaha hiyo zikaja siku za kazi. Kazi hizo amezitaja Bibi Asma mwenyewe moja moja, kama mama anayewahadithia wanawe jioni. Alikuwa akimlisha farasi na kumtunza. Alikuwa akichota maji. Alikuwa akishona ndoo ya ngozi inapotatuka. Alikuwa akikanda unga. Wala hakuona haya kukiri kwamba kuoka mkate hakukuwa akikujua vizuri, na majirani zake, wanawake wa Kiansari, ndio waliokuwa wakimwokea. Akawasifu kuwa walikuwa wanawake wa kweli.

Kisha akazitaja kokwa za tende. Mtume (s.a.w.) alikuwa amempa Bwana Zubeir kipande cha ardhi, na masafa yake kutoka nyumbani ni theluthi mbili za farsakhi. Farsakhi moja ni maili tatu. Basi ni kama maili mbili kwenda. Bibi Asma alikuwa akienda kwa miguu katika shamba hilo, akaokota kokwa za tende, akarudi nazo kichwani, akazitwanga kuwa chakula cha mnyama. Mwenye kulijua jua la Arabuni ataujua uzito wa mzigo huo.

Siku moja, naye yuko njiani na mzigo wake, alikutana na Mtume (s.a.w.) pamoja na watu katika Ansari. Mtume akamwita, akampigisha magoti ngamia wake ili ampakie nyuma yake. Lakini Bibi Asma aliona haya kwenda pamoja na wanaume, akakumbuka pia wivu wa mumewe, na Bwana Zubeir alikuwa mtu wa wivu sana. Mtume akaitambua haya yake, akaenda zake bila ya kumshurutisha. Alipofika nyumbani akamhadithia mumewe yote. Bwana Zubeir akajibu kwa kiapo kwamba kumwona yeye amebeba kokwa kichwani kulimuuma zaidi kuliko lau angalipanda ngamia pamoja na Mtume.

Wasomaji, hapa twaomba mtulie kidogo. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye mambo ya umma mzima mikononi mwake, alimwona mama mwenye mzigo akasimamisha ngamia wake. Hakupita akasema kuwa hiyo ndiyo kazi ya wanawake. Na mume alipoelezwa alikiri kwamba mzigo ule unamuuma. Tena baba naye hakunyamaza. Baada ya siku hizo Seyyidna Abubakar alimpelekea binti yake mtumishi wa kumtunza farasi. Bibi Asma alisema kwamba kwa kuondolewa kazi ile ya farasi ilikuwa kama kwamba amekombolewa utumwani.

Neno hilo ni zito, na mwenye kulisema si mvivu wala si mnung'unikaji. Ni mwanamke aliyepigwa kofi na Abu Jahl asitoe siri. Ikiwa mtu kama huyo alihisi amekombolewa kwa kupunguziwa kazi moja, basi tusidhani kuwa mama zetu wanaonyamaza hawachoki.

WATOTO WANANE

Bwana Zubeir na Bibi Asma walijaliwa watoto wanane. Wanaume ni watano: Abdalla, Urwa, Mundhir, Asim na Muhajir. Wanawake ni watatu: Khadija, Ummul-Hasan na Aisha.

Katika wanaume hao, Abdalla alikuwa mpiganaji na mtu wa ibada nyingi, akawa mtawala. Urwa hakujiingiza katika fitina za utawala. Alichagua elimu, akawa mmoja katika wale wanavyuoni saba mashuhuri wa fikihi wa Madina. Wengi huhadithi kwamba Urwa alichota elimu kwa mama yake mdogo, Bibi Aisha, na hayo ni kweli. Lakini hata hizi habari za kokwa za tende tulizozieleza, zilizomo katika Bukhari na Muslim, zimetufikia kwa njia ya Urwa huyo huyo, naye alizipokea kwa mama yake. Mwanachuoni mkubwa alikaa mbele ya mama yake akamsikiliza alivyookota kokwa, alivyoshona ndoo, na alivyoshindwa kuoka mkate. Hakuyaona kuwa ni mambo madogo ya jikoni. Akayahifadhi, akamfundisha mwanawe Hisham, na Hisham akawafundisha watu.

Wala si wanaume peke yao waliopokea. Mjukuu wake wa kike, Fatima binti Mundhir, amepokea Hadithi nyingi kwa bibi yake. Katika alizozihadithia ni kwamba Bibi Asma alipoletewa mwanamke mwenye homa alikuwa akimwombea, na akimmiminia maji kifuani ndani ya nguo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamuru kuipoza homa kwa maji. Fatima huyo aliolewa na Hisham mwana wa Urwa, na Hisham aliyapokea mengi ya bibi yao kwa mkewe. Hii ndiyo nyumba ya Kiislamu: mume anasoma kwa mkewe, na mke amesoma kwa bibi yake, na asili ya yote ni mama mmoja aliyekuwa na mambo ya kusimulia na wana waliokuwa na masikio ya kusikia.

Hatupendi pia kuficha kwamba ndoa ya Bibi Asma haikudumu mpaka mwisho. Wakati fulani aliishitakia kwa baba yake tabia kali ya mumewe, na baba yake akamwusia subira. Baada ya miaka mingi waliachana, naye akaenda kukaa kwa mwanawe Abdalla. Bwana Zubeir aliuawa mwaka wa 36 wa Hijra, yaani 656. Sisi si mahakimu wa masahaba wa Mtume, wala hatuna ruhusa ya kuwatia makosa. Tumeitaja habari hii kwa ajili ya dada zetu walioachwa wakiwa na watoto, wanaodhani kuwa maisha yao yamekwisha. Bibi Asma aliachwa, na heshima yake haikupungua hata kidogo, si kwa watoto wake wala kwa Waislamu.

ALIVYOMTENDEA MAMA YAKE

Mwenye kutaka kuheshimiwa na wanawe na atazame anavyowatendea wazazi wake. Katika muda wa mapatano ya Hudaibia, yaliyofungwa mwaka wa 6 wa Hijra, Qutaila alikuja Madina kumtazama binti yake, naye angali katika dini ya masanamu. Bibi Asma akafadhaika. Moyo ulimtaka mama yake, na dini aliihofia. Hakuamua kwa matakwa yake, bali alipeleka swali kwa Mtume (s.a.w.), je, amfanyie wema mama yake? Mtume akamjibu kuwa ndiyo, na aunge udugu na mama yake.

Wanavyuoni wameitaja habari hii pamoja na aya ya 8 ya Suratul Mumtahana, ambayo yatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Ikiwa mama asiye Mwislamu ana haki hiyo, itakuwaje mama anayeswali, anayefunga, na anayetuombea dua kila alfajiri?

Mkono wake nao ulikuwa mwepesi wa kutoa. Mtume (s.a.w.) alimwusia atoe wala asihesabu hesabu, asije Mwenyezi Mungu naye akamhesabia. Mwanawe Abdalla amesema kuwa hakupata kuona wanawake wakarimu kuliko mama yake na mama yake mdogo Bibi Aisha, ila ukarimu wao ulikuwa mbali mbali. Bibi Aisha alikuwa akikusanya kidogo kidogo mpaka kikawa kitu, ndipo akagawa. Na Bibi Asma hakuwa akiweka kitu cha kesho. Angalieni, tena ni mtoto ndiye anayeijua tabia ya mama yake na kuipambanua na ya mwingine.

MAMA NA MWANA, SIKU YA MWISHO

Baada ya kufa Yazid bin Muawia, mwaka wa 64 wa Hijra, watu wa Hijazi, wa Iraki na wa pengine walimbai Abdalla bin Zubeir kuwa Khalifa, naye akakaa Makka. Mwaka wa 73, ambao ni 692, Abdul-Malik bin Marwan alikuwa amekwisha kuichukua Iraki, na jemadari wake Hajjaj bin Yusuf akauzingira mji wa Makka kwa miezi mingi, akaupiga kwa mizinga ya mawe. Chakula kikaadimika, na wafuasi wa Abdalla wakamkimbia kwa maelfu. Yasimuliwa kuwa hata baadhi ya wanawe wa kuzaa walitoka kwenda kuomba amani.

Wakati huo Abdalla alikuwa mzee mwenye zaidi ya miaka sabini, na mama yake alikuwa amekaribia mia, macho yake yamepotea. Na mzee huyu, alipokwisha kuachwa na watu, alikwenda kutaka shauri kwa mama yake. Akamweleza kwamba maadui wanampa anachokitaka katika dunia akikubali kusalimu. Yeye anamshauri nini?

Mama yake akamwambia kuwa yeye anajijua nafsi yake zaidi. Ikiwa anajua yuko katika haki, na aendelee nayo, kwani wenziwe wamekwisha kufa kwa ajili yake. Na ikiwa aliitaka dunia tu, basi ni mja mbaya aliyeje, amejiangamiza na kuwaangamiza walio pamoja naye. Abdalla akasema anachokihofia ni watu wa Sham kumkatakata na kumtundika akisha kufa. Bibi Asma akamjibu kuwa mbuzi akisha kuchinjwa haumwi na kuchunwa. Kisha akamkumbatia kumwaga. Mkono wake ukagusa deraya aliyoivaa chini ya nguo. Akamwuliza hii ni ya nini kwa mtu atakaye alitakalo yeye. Akaivua, akatoka, akapigana mpaka akauawa.

Hajjaj akautundika mwili wake. Akatuma mjumbe kumwita Bibi Asma, akakataa kwenda. Akatuma tena kwa vitisho, akakataa tena. Mwishowe Hajjaj akaja mwenyewe, akamwuliza ameonaje alivyomtenda adui wa Mwenyezi Mungu. Bibi Asma akamjibu kwamba ameona amemharibia mwanawe dunia yake, na mwanawe amemharibia yeye Akhera yake. Tena amesikia kuwa Hajjaj alikuwa akimwita mwanawe, kwa dharau, mtoto wa mwenye mishipi miwili. Akasema kuwa naam, ndiye yeye: mmoja alifungia chakula cha Mtume na cha Abubakar, na mwingine ni ule ambao mwanamke hawezi kuuacha. Kisha akamkumbusha Hadithi aliyoisikia kwa Mtume ya kwamba katika kabila la Thaqif atatoka mwongo na mwangamizaji. Mwongo wamekwisha kumwona, ama mwangamizaji hadhani kuwa ni mwingine ila yeye. Hajjaj akainuka asimrudishie neno.

Siku chache baadaye Bibi Asma akafariki, baada ya kuupata mwili wa mwanawe na kuuzika. Yasemekana alitimiza miaka mia, hakung'oka jino wala hazikumpotea akili.

YATUPASAYO SISI

Watu wengi hustaajabu, kikongwe kipofu alipata wapi ushujaa wa siku ile? Sisi twaona haukuzaliwa siku ile. Aliukusanya mzigo kwa mzigo, katika njia ya maili mbili, katika ndoo zilizotatuka, katika unga wa kila siku na malezi ya watoto wanane. Na Abdalla hakwenda kwa mama yake siku ya mwisho tu. Alikwenda kwa kuwa aliizoea njia hiyo tangu utotoni. Mtoto asiyekaa na mama yake siku za amani hataijua njia ya chumbani kwake siku ya msiba.

Katika Suratu Luqman Mwenyezi Mungu ametuusia wazazi wetu, akataja jinsi mama alivyoichukua mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, akaamrisha ashukuriwe Yeye na wazazi wawili. Na shukrani si hotuba ya khitma. Khitma na dua ni haki ya maiti, wala hatuziachi. Lakini sifa tunazozimwaga juu ya kaburi zingalimfurahisha zaidi mwenyewe kama angalizisikia.

Basi enyi vijana, twawaombeni mambo mawili. La kwanza, mwinukie mama mwenye mzigo. Mtume alisimamisha ngamia. Wewe huwezi kusimamisha bao? Enyi waume na akina baba, tazameni ni kazi gani moja katika kazi za mama wa nyumba mwaweza kuiondoa, kama Seyyidna Abubakar alivyoiondoa ya farasi: maji, au kuni, au kulea mgonjwa usiku, au kununua mashine ya kumrahisishia. Si lazima ziwe zote. Moja tu ilimfanya Bibi Asma ajione amekombolewa.

La pili, muulizeni mama habari zake angali hai. Alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alivuka vipi mwaka wa njaa, alificha nini ili ninyi msijue kuwa hakuna kitu. Mkijua kuandika, yaandikeni.

Yule bwana wa khitma alitujia chuoni wiki iliyofuata. Ametuambia kwamba yuko mama yake mdogo, mzee sana, shamba, aliyelelewa pamoja na marehemu. Naye amekusudia kwenda kwake na wanawe, akae siku tatu, amsikilize. Tulimwombea safari njema. Ama sisi, mama yetu hatunaye tena, wala hatuna wa kumwuliza. Limebaki kumwombea dua, na kumtua mama wa mwenzetu tunapomkuta njiani.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape afya na faraja waliobaki, na ajaalie watoto wetu wawe kama Urwa kwa mama yake. Amin.